Dalí na Hofu ya Atomu

Aghalabu Salvador Dalí hutajwa kwa masharubu na vituko vyake. Naona huko ni kumpunja, na ni kuwapunja wanafunzi wetu pia.

Mchoraji huyu alizaliwa mwaka wa 1904 mjini Figueres, katika jimbo la Catalonia, Uhispania. Mnamo 1931 alichora picha iliyomtangaza ulimwenguni: saa zilizolegea mithili ya siagi iliyoachwa juani. Wakati huo alizama katika elimu ya nafsi na njozi.

Vita vilimwondoa Ufaransa mwaka wa 1940, akahamia Marekani pamoja na mkewe, Gala. Alikuwa huko Agosti 6, 1945, bomu la atomiki lilipouangamiza mji wa Hiroshima. Habari hiyo ilimtikisa. Mwaka uo huo alichora picha yenye giza totoro, ambamo ndani ya kichwa cha binadamu mna ndege inayodondosha mabomu.

Walakini, hofu haikumfunga mikono. Alianza kuisaka maana ya atomu yenyewe. Akang'amua kwamba kile tukionacho kuwa kigumu kimeundwa kwa chembe zilizotengana, zenye uwazi baina yake. Katika Leda Atomica, picha ya mwaka wa 1949, hakuna kitu kinachogusa kingine: mwanamke, batamaji na vitabu vyote vinaelea, na hata bahari imetengana na ufuo. Vipimo vyake alivipanga kwa msaada wa Matila Ghyka, mtaalamu wa hisabati kutoka Rumania. Mnamo 1952 aliuchora uso wa Gala kwa matufe yanayoelea. Kisha, kati ya 1952 na 1954, akazirudia zile saa zake za zamani. Safari hii ardhi yenyewe imekatika vipande vipande, kana kwamba kumbukumbu nayo imepasuliwa.

Wapo wanaomlaumu kwamba aliipamba silaha ya mauti ilhali maelfu waliteketea. Lawama hiyo ina uzito. Tena hakuona haya kumsifu Jenerali Franco, mtawala wa mabavu. Mwalimu asiyafiche hayo. Hata hivyo, kipaji kisichokuwa na dosari ni adimu, na kosa la mtu halifuti somo lililomo katika kazi yake.

Somo lenyewe ni hili. Tumezoea kuwagawa watoto mapema: huyu wa sayansi, yule wa sanaa. Dalí, aliyefariki mwaka wa 1989, hakuukubali ukuta huo. Sayansi ilimweleza jinsi atomu ilivyo. Sanaa ikamwezesha kuonyesha jinsi binadamu anavyoishi akijua kwamba atomu hiyo yaweza kummaliza. Mwanafunzi wa fizikia asiyewahi kujiuliza swali hilo la pili, kwa maoni yangu, amefunzwa nusu.