Habib Saleh na Darasa la Wanyonge
Watu wa Baba Dogo, kule Nairobi, huniuliza jumuiya za kusaidia mafukara tumezianza lini sisi Waislamu wa pwani. Huwatajia Habib Saleh Jamalilleyl, sharifu wa Ngazija aliyelowea Lamu na kufariki huko. Hakukaa na wakubwa. Alikaa Langoni, akitibu wagonjwa. Tena akawasomesha watumwa na wana wao, elimu ambayo mabwana waliiona ni milki yao. Wakubwa walighadhibika, hata matari ya maulidi yake wakayatia ila. Yeye akaendelea. Msikiti wake wa Riyadha ukawa chuo cha pwani nzima. Siku hizi maulidi hayo twayasifu sana. Lile darasa la watumwa, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa zaidi, hatulitaji.