Rubens: Bingwa aliyekubali kuwa mwanafunzi akiwa na miaka 51

PETER Paul Rubens alipowasili Madrid, Uhispania, mwaka wa 1628, alikuwa na umri wa miaka 51 na sifa zake zilikuwa zimevuma katika makao ya wafalme wa Ulaya. Hata hivyo, katika kasri la Mfalme Philip wa Nne alishika brashi na kuanza kunakili kazi za mchoraji mwingine.

Mchoraji huyo ni Titian wa Venice, aliyefariki mwaka wa 1576, mwaka mmoja kabla ya Rubens kuzaliwa. Kwa kuwa wawili hao hawangeweza kukutana, picha ndizo zilizosalia kuwa mwalimu.

Rubens alizaliwa Siegen, Ujerumani. Babake alipofariki mwaka wa 1587, mamake aliwarudisha watoto Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Huko alisomea uchoraji hadi chama cha wasanii kikamtambua kuwa fundi kamili mwaka wa 1598. Kuanzia 1600 hadi 1608 aliishi Italia, akichunguza na kunakili kazi za mabingwa waliomtangulia.

Safari ya Madrid ilikuwa ya kidiplomasia, kutafuta amani baina ya Uhispania na Uingereza. Mazungumzo yalipojikokota, Rubens alichora. Miongoni mwa picha alizonakili ni ile ya Adamu na Hawa wakiwa chini ya mti wa tunda lililokatazwa, ambayo Titian aliichora yapata mwaka wa 1550.

Rangi ya mafuta hukauka polepole. Titian aliipaka kwa tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, hivi kwamba rangi ya chini ilipenya ile ya juu na ngozi ya mwanadamu ikaonekana hai. Ustadi wa aina hiyo haupatikani kwa kutazama tu. Sharti mkono nao ujaribu.

Rubens hakuiga kama kasuku, ijapokuwa kasuku ndiye aliyemwongeza katika nakala yake. Alibadilisha pia mkao wa Adamu.

Mchoraji kijana wa mfalme, Diego Velázquez, alikuwapo kasrini siku hizo. Mwaka wa 1629 naye alifunga safari kwenda Italia kujifunza.

Amani iliyotafutwa ilipatikana mwaka wa 1630. Rubens aliaga dunia Antwerp, Mei 30, 1640, na rangi za picha zake za mwisho ni laini na changamfu kuliko za awali.

Leo picha zote mbili za Adamu na Hawa, ya mwalimu na ya mwanafunzi, zimehifadhiwa katika makavazi ya Prado, Madrid. Anayezilinganisha huona kwamba elimu haina mwisho, hata kwa bingwa.