Che Guevara: shabiki wa ekipe iliyoshuka daraja, aliyekuja kupigana Fizi

Katika maki ya Fizi, mwaka 1965, aliitwa Tatu. Jina hilo lilitoka kwenye hesabu ya Kiswahili: Wakuba watatu wa kwanza waliitwa Moja, Mbili na Tatu, na mkubwa wao alipewa namba ya mwisho ili adui asimtambue. Jina lake la kuzaliwa ni Ernesto Guevara. Dunia inamjua kama Che.

Wengi wanamkumbuka kwa picha ile ya kofia yenye nyota. Lakini kabla ya bunduki alikuwa kijana wa mpira, na ekipe aliyoipenda haikuwa ya washindi wa wakati ule.

Ekipe ya mji alikozaliwa

Kufuatana na cheti chake, alizaliwa tarehe 14 Juni 1928 katika mji wa Rosario, nchini Argentina. Wazazi wake waliuacha mji huo angali mtoto mchanga. Alipofika umri wa miaka miwili alishikwa na pumu, ugonjwa uliomfuata maisha yake yote. Kwa ajili ya pumu hiyo familia ilihamia Alta Gracia, mji mdogo wa milimani wenye hewa kavu, na huko ndiko alikokulia.

Watoto aliocheza nao walipenda Boca Juniors au River Plate, ekipe kubwa za Buenos Aires. Yeye alichagua Rosario Central, kwa sababu moja tu: ilikuwa ekipe ya mji alikozaliwa.

Rosario Central iliundwa mwaka 1889 na wafanyakazi wa reli. Miaka ya 1910 na 1920 ilipata ubingwa wa mji wake mara kadhaa. Lakini ilipoingia katika michuano mikubwa pamoja na ekipe za Buenos Aires, mwaka 1939, mambo yalibadilika. Mwaka 1941 ilishuka daraja, na mwaka huohuo River Plate ikawa bingwa. Ernesto alikuwa na miaka 13. Marafiki zake walikuwa na kombe la kujivunia, yeye alikuwa na ekipe ya daraja la pili. Hakuiacha.

Kijana wa Bibokoboko, Baraka au Uvira anayependa TP Mazembe bila kuwahi kufika Lubumbashi anaielewa hali hiyo. Mazembe ilizaliwa shuleni, katika Institut Saint-Boniface, mwaka 1939. Ikiitwa Englebert, ilichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Kisha wapenzi wake walingoja hadi mwaka 2009 ili kulishika tena. Waliozaliwa katikati ya miaka hiyo walirithi sifa walizozisikia kwa wazazi tu.

Golikipa mwenye pumu

Pumu haikumruhusu Ernesto kukimbia uwanja mzima, hivyo alikaa golini, dawa yake ya kuvuta ikiwa karibu. Baadaye alicheza ragbi pia, mchezo mgumu zaidi, ingawa baba yake hakutaka. Mara nyingine alitoka uwanjani ili avute dawa, kisha akarudi.

Mwaka 1952, akiwa mwanafunzi wa uganga, alizunguka Amerika ya Kusini pamoja na rafiki yake Alberto Granado. Pesa ziliwaishia. Huko Leticia, kwenye mto Amazon upande wa Kolombia, walipata kazi ya kuifundisha ekipe ya hapo, na mwishowe wakaingia uwanjani wenyewe. Guevara alidaka penalti moja, lakini ekipe yake ilishindwa fainali.

Walipofika Bogotá walikutana na Alfredo Di Stéfano, Muargentina aliyekuwa nyota wa Millonarios, klabu iliyotawala Kolombia miaka hiyo. Kwa vijana wawili wenye njaa na viatu vilivyochakaa, hiyo ilikuwa siku kubwa.

Kutoka Kuba hadi Ziwa Tanganyika

Safari hizo zilimwonyesha pia wachimba madini maskini, wenye ukoma na wakulima wasio na ardhi. Alipata shahada ya uganga mwaka 1953, lakini miaka mitatu baadaye alishuka Kuba pamoja na Fidel Castro. Januari 1959 walishinda. Alisimamia gereza la La Cabaña, ambako watu wengi walipigwa risasi baada ya hukumu za mahakama ya mapinduzi. Jambo hilo linawagawa watu juu yake hadi leo. Kisha akawa mkuu wa benki ya taifa na waziri wa viwanda.

Tarehe 24 Aprili 1965 alivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba. Alikuwa na miaka 36. Wakuba waliomfuata walizidi mia moja. Walikuja kuwasaidia wapiganaji waliofuata njia ya Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961.

Lakini upande aliokuja kuusaidia ulikuwa tayari unarudi nyuma. Kisangani ilikuwa imepotea tangu Novemba 1964. Leonard Mitoudidi, kamanda aliyemwamini, alizama ziwani mwezi wa Juni. Laurent-Désiré Kabila alionekana siku chache tu katika maki. Wapiganaji wengi walitegemea dawa ya kuwakinga na risasi kuliko mazoezi. Tarehe 29 Juni walishambulia Bendera, penye kituo cha umeme, wakashindwa. Wakuba wanne walikufa. Malaria, kuhara na pumu vilimdhoofisha Tatu mwenyewe.

Alitembea hadi Baraka na Fizi, akatibu wagonjwa, akajifunza Kiswahili kwa kijana Mkongomani, Freddy Ilanga. Mwisho wa Oktoba, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua. Raia wa Fizi ndio waliobaki katikati ya moto, kama ilivyowatokea tena mara nyingi baadaye.

Tarehe 21 Novemba 1965 Che alivuka ziwa kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye, Mobutu alichukua madaraka Kinshasa. Akiwa Dar es Salaam, Che aliandika habari za miezi hiyo saba bila kujificha: alisema wazi kwamba walishindwa, na kwamba yeye pia alikosea katika kuongoza.

Hakupumzika. Mwaka 1966 aliingia Bolivia na kundi dogo zaidi. Alikamatwa tarehe 8 Oktoba 1967, akapigwa risasi siku iliyofuata katika kijiji cha La Higuera. Alikuwa na miaka 39. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1997, mwaka uleule Kabila alipoingia Kinshasa kama rais, na sasa iko Santa Clara, Kuba.

Rosario Central ilipata ubingwa wake wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1971. Shabiki wake huyo alikuwa amekufa miaka minne iliyopita, lakini mjini Rosario wapenzi wa klabu hiyo bado wanapeleka bendera zenye sura yake uwanjani.