Sheikh Amri Abedi: Mshairi aliyekabidhiwa Wizara ya Sheria

WAKAZI wa Babati wanalijua jina la Sheikh Amri Abeid kwa sababu ya mpira wa miguu. Kabla ya mkoa wa Manyara kumegwa kutoka Arusha mwaka 2002, uwanja wenye jina hilo mjini Arusha ndio uliokuwa uwanja mkuu wa mkoa wao. Wachache wanakumbuka kuwa mwenye jina aliliandika Abedi katika vitabu vyake, kwamba alikuwa mtu wa Ujiji, tena mshairi, na kwamba mwaka 1963 alishika Wizara ya Sheria wakati Tanganyika ilipokuwa ikiamua nani awe hakimu wa mwananchi wa kawaida, na kwa lugha gani.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mkoani Kigoma, mwaka 1924. Alisoma Tabora, shule iliyotoa viongozi wengi wa uhuru, kisha akajiunga na Jumuiya ya Ahmadiyya na kuwa mhubiri wake. Alimsaidia Sheikh Mubarak Ahmad katika kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Tafsiri hiyo ilizua mabishano makali. Masheikh wa Kisunni waliipinga, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar akaja na ya kwake iliyotoka mwaka 1969. Lakini hata waliompinga Amri katika dini hawakuweza kukana kwamba Kiswahili alikijua.

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza inaeleza vina, mizani na mambo mengine ambayo shairi haliwi shairi bila ya hayo, kwa mtazamo wake. Ya pili ni diwani ya tungo zake. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi chenye mashairi yasiyofuata vina, kitabu cha Amri kiligeuka kuwa ngao ya washairi wa jadi. Si jambo la ajabu kwamba mtu aliyeona fahari katika kanuni aliishia kwenye wizara ya kanuni, ingawa shahada ya sheria hakuwa nayo.

Siasa ilimfikia kupitia TANU. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, akawa pia mbunge wa Kigoma. Chifu Abdallah Fundikira alipoondoka serikalini mwaka 1963, Mwalimu Julius Nyerere alimkabidhi Sheikh Amri Wizara ya Sheria.

Uzito wa kazi hiyo unaeleweka vizuri zaidi ukiangalia mahali kama Babati ya wakati ule, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Chini ya Mwingereza, Mgorowa aliyeibiwa ng'ombe au kudaiwa mahari alipeleka shauri lake kwenye mahakama ya wenyeji, chini ya utawala wa chifu. Asiporidhika, rufaa yake iliweza kufika kwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu aliyekuwa pia mtoza kodi na mkuu wa serikali mahali pale. Mzungu na Mhindi walikuwa na mahakama nyingine. Mtu yuleyule alitawala asubuhi na kuhukumu mchana, na aliyekosana naye katika jambo la kwanza alijua hali itakayomkuta katika la pili.

Mwaka 1963 mfumo huo ulivunjwa. Sheria iliyowapa machifu madaraka yao ilifutwa, na Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika Julai 1, 1964. Ngazi zikawa tatu kwa watu wa rangi zote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu. Katika Mahakama ya Mwanzo hakimu alikaa na wazee washauri, na shauri likaendeshwa kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mfugaji wa Bonga au Galapo aliweza kushtaki pasipo kumwangalia chifu usoni.

Si yote ya mwaka huo yanayostahili sifa. Serikali ilitangaza pia mila zilizoandikwa kwa pamoja ili makabila yanayofuata ukoo wa baba yawe na kanuni zinazofanana. Kanuni hizo ziliwaweka wajane na mabinti nyuma katika urithi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi sawa na mwanaume, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliilaumu Tanzania kwa shauri la wajane wawili wa Shinyanga. Ni haki kuuliza kwa nini serikali iliyomwondoa chifu kwenye kiti cha hakimu ilikubali kumwachia mjane mila zilezile.

Lililobaki lilikuwa tatizo la maneno. Sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza, na hakimu wa Mwanzo alihitaji istilahi ambazo mdai na mdaiwa wote wangezielewa. Kitabu cha istilahi za sheria kwa Kiswahili kilitolewa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam mwaka 1968. Sheikh Amri hakukiona. Baada ya Muungano wa 1964 alihamishiwa Wizara ya Maendeleo na Utamaduni, na Oktoba mwaka huohuo alifariki dunia Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Mahakama Kuu iliendelea kuandika hukumu zake kwa Kiingereza. Mwananchi aliyeshinda kwa Kiswahili katika Mahakama ya Mwanzo aliweza kushindwa kwenye rufaa kwa lugha asiyoijua, akamsubiri wakili amweleze kilichompata. Bunge lilipobadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zote, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 56 tangu mshairi wa Ujiji azikwe.