Maisha ya Gamal Abdel Nasser

Wengi wetu tunasikia jina la Nasser katika somo la historia tu, kisha tunalisahau. Lakini huyu mkubwa wa Misri alikuwa karibu na Kongo. Watoto wa Patrice Lumumba walipelekwa Cairo mwisho wa 1960, na Nasser njo aliwapokea. Baba yao aliuawa tarehe 17 Januari 1961.

Nasser alizaliwa Alexandria tarehe 15 Januari 1918. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Mwaka 1935, akiwa mwanafunzi wa sekondari kama sisi, aliandamana kupinga Waingereza, akaumizwa kichwani. Baadaye akawa askari. Tarehe 23 Julai 1952, yeye na maofisa wenzake walishika utawala, na mfalme Farouk akaondoka.

Serikali yao ilipunguza mashamba ya matajiri na kugawia wakulima. Redio Cairo ilianza kusema Kiswahili mwaka 1954, ili kuamsha watu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1956 Nasser alitwaa Mfereji wa Suez. Mwaka 1962 chuo kikuu kikawa bila malipo.

Lakini tuseme na upande wa pili. Agosti 1952, wafanyakazi wa pamba wa Kafr el-Dawwar waligoma, wawili wakanyongwa. Mwaka 1953 vyama vya siasa vilifutwa. Leta ikawa kama baba anayelisha watoto vizuri, ila mezani hakuna anayesema.

Baada ya Misri kushindwa vita na Israeli mwaka 1967, watu walichoka kunyamaza. Februari 1968 wafanyakazi wa Helwan na wanafunzi walitoka barabarani. Yule aliyeandamana mwaka 1935, sasa wanafunzi waliandamana kumpinga yeye.

Alikufa tarehe 28 Septemba 1970, na mamilioni walimlilia. Januari 1977, Sadat aliyemfuata alipandisha bei ya vyakula. Watu wakasimama, bei ikarudishwa. Mwaka 2011 walimwangusha Mubarak.

Hapa Kalembe wazazi njo wanalipa sekondari. Leta iko mbali. Basi chuo bila malipo kinatutamanisha sana. Lakini Leta ikikupa yote, utabaki na ruhusa ya kuiuliza? Sisi wa mwaka wa sita tumegawanyika juu ya neno hilo. Wadogo zetu, leteni mawazo yenu.