Kivoi wa Mwendwa na Safari ya Jina la Kenya

Jina la Johann Ludwig Krapf si geni kwa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili. Mmisionari huyu Mjerumani, aliyefika Mombasa mwaka 1844, ndiye aliyechapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hata hivyo, nyuma ya jina hilo mashuhuri limejificha jina la Mkamba mmoja, Kivoi wa Mwendwa, ambaye katika vitabu vingi hupewa sentensi moja tu: kwamba alimwonyesha Krapf Mlima Kenya. Makala haya yanakusudia kumsimulia Kivoi kama mtu aliyekuwa na shughuli zake, heshima yake na njia zake kabla mgeni huyo hajabisha hodi.

Ili kumwelewa Kivoi, hapana budi kwanza kuielewa nchi iliyomlea. Anayeishi Ndithini leo, upande wa Masinga katika Kaunti ya Machakos, yumo katika eneo lililo kati ya mito miwili, Athi na Tana. Ng'ambo ya Athi, upande wa mashariki, kumelala uwanda mrefu wa Yatta, na mbele yake ni Kitui, alikokuwa na makao Kivoi. Nchi hii yote ni ya ukame. Mvua huja misimu miwili kwa mwaka, na zile za vuli ndizo zinazotumainiwa zaidi. Zikikosekana, ghala hubaki tupu. Kutokana na hali hiyo, Wakamba walikuwa na desturi waliyoiita kuthuua, yaani kutoka nyumbani kwenda kutafuta chakula kwa jirani kwa njia ya kubadilishana vitu. Mtu alichukua alichokuwa nacho, kama vile mishale, sumu ya mishale, vyombo vya chuma au mifugo, akaenda kwa Wakikuyu, Waembu au Wambeere waliokuwa na mavuno, akarudi na nafaka. Biashara ya masafa marefu iliyowatajirisha Wakamba katika karne ya 19 ilichipuka katika desturi hii ya kupambana na njaa.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwasukuma Wakamba wengi hadi karibu na pwani, wakaanzisha makazi nyuma ya Mombasa, jirani na Warabai na Wagiriama. Wakati huohuo mahitaji ya pembe za ndovu katika masoko ya Zanzibar na ng'ambo yalikuwa yakipanda. Wakamba walikuwa wawindaji hodari wa ndovu, na sasa walikuwa na ndugu zao pwani. Misafara ikaanza kuteremka kutoka bara ikiwa na pembe, na kupanda ikiwa na nguo za pamba, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kivoi alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa misafara hiyo. Njia zake zilifika Mombasa upande mmoja, na upande wa pili zikavuka Tana hadi nchi zilizo chini ya mlima mkubwa. Wapo hata wanaolinasibisha jina la mji wa Voi, ulio kwenye njia ya kwenda pwani, na jina lake.

Ukubwa wa Kivoi haukutokana na kiti cha enzi. Wakamba hawakuwa na mfalme, na mambo ya jamii yaliamuliwa na wazee. Aliyetaka kusikilizwa alihitaji mali, umbo la kuheshimika, sifa ya kuwa na nguvu za uganga, na juu ya hayo ufasaha wa kusema. Krapf mwenyewe aliliona jambo hili na kulieleza. Kiongozi wa msafara alipaswa kuwashawishi vijana waache nyumba zao kwa miezi mingi, kuwapatanisha waliogombana njiani, na kujadiliana na wenye nchi ili msafara upite salama. Mara nyingi amani hiyo ilitiwa nguvu kwa undugu wa kuchanjiana, ambapo mgeni na mwenyeji walichanganya damu na tangu hapo wakawa na wajibu kama wa watu waliozaliwa pamoja. Kwa hivyo neno na kiapo vilikuwa nyenzo za biashara sawa na mizani na pembe.

Haifai, hata hivyo, kumpamba Kivoi kupita kiasi. Utajiri wa misafara ya zama hizo ulikuwa na upande wa giza. Ndovu waliangamizwa, na biashara ya pembe iliandamana na biashara ya watumwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Katika nyumba za matajiri wa bara, akiwemo Kivoi, walikuwamo watu wasio huru.

Krapf aliondoka Rabai mwezi wa Novemba 1849, akavuka nyika hadi Kitui, akapokewa na Kivoi. Tarehe 3 Desemba, mawingu yalipotawanyika, aliuona kwa mbali mlima wenye vilele viwili vyeupe. Wenyeji wake waliujua mlima huo zamani, kwa kuwa biashara yao iliwafikisha karibu nao. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Wakamba, ambao katika matamshi yao huziacha baadhi ya konsonanti za jirani zao, huuita Kiinyaa. Maelezo yanayojulikana zaidi hulihusisha jina hilo na mbuni, ndege ambaye manyoya yake meusi na meupe yanafanana na miamba na theluji ya mlima. Krapf aliliandika kama alivyolisikia kwa Wakamba, nalo likawa Kenia. Wanajiografia wa Ulaya, akiwemo William Desborough Cooley, walikataa kusadiki kwamba theluji inaweza kukaa kwenye ikweta, hadi Joseph Thomson alipouona mlima huo mwaka 1883. Mwaka 1920 jina hilo likapewa koloni zima. Kwa hiyo, Mkenya anapoitaja nchi yake leo, anatamka neno lililopita katika matamshi ya Kikamba.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani akitaka kuanzisha kituo cha misheni huko Yatta. Jaribio hilo liliposhindikana, alikwenda kwa Kivoi, na mwezi wa Agosti wawili hao wakafuatana kuelekea Mto Tana. Walipokaribia mto, wanyang'anyi waliuvamia msafara. Watu wengi walikimbia, na Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Krapf aliponea chupuchupu. Alijificha, akatembea usiku, akajaza maji ya Tana katika mtutu wa bunduki yake na katika mfuko wa darubini kwa kukosa chombo kingine.

Aliporudi kwa watu wa Kivoi hakupokewa kwa furaha. Ndugu za marehemu walimuuliza ilikuwaje mwenyeji wake afe naye abaki hai, kwani kwa desturi yao msafiri alipaswa kumlinda mwenzake au kufa pamoja naye. Maisha yake yakawa hatarini, akatoroka usiku na hatimaye kufika Rabai. Wahenga waliosema kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone hawakufikiria safari kama hii.

Tukio hilo limeandikwa na Krapf peke yake, naye ndiye aliyeshtakiwa na wafiwa. Msomaji wa kitabu chake humwona mzungu mwenye kiu aliyezungukwa na watu wakali. Lakini likitazamwa kwa upande wa nyumba ya Kivoi, swali lile lilikuwa la haki. Watu waliompoteza kiongozi wao walidai maelezo kutoka kwa yule aliyekuwa pembeni mwake, kwa mujibu wa sheria ambayo misafara yote iliitegemea. Bila wajibu huo, hakuna ambaye angethubutu kufuatana na mwenzake hadi nchi ya mbali. Mhakiki wa wasifu na masimulizi ya safari hana budi kulipima kila tukio kwa pande zote mbili, hasa pale ambapo upande mmoja tu ndio ulioshika kalamu.

Baada ya Kivoi, misafara mikubwa ya Waarabu na Waswahili yenye bunduki ilizidi kupenya bara, na nafasi ya Wakamba katika biashara hiyo ikapungua. Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Orodha ya maneno ya lugha sita aliyoichapisha mwaka 1850 inakiweka Kikamba pamoja na Kiswahili, na hadi leo ni hazina kwa watafiti. Wanaoitumia wanapaswa kukumbuka kwamba maarifa ya Krapf kuhusu bara hayakutoka hewani. Yalitoka kwa watu waliomlisha, waliomwongoza njiani na waliomtajia majina ya mito na milima, na mmoja wao, Kivoi wa Mwendwa, alifia karibu na Tana akiwa safarini pamoja naye.