Dk. Hynek: Mwanafalaki Aliyepima Habari za Wageni wa Angani

Kila jua linapotua siku ya 29 ya Shaabani, watu wa pwani yetu, tangu Vanga hadi Kiunga, huinua macho kuutafuta mwezi. Mara husikika kwamba fulani ameuona. Wazee wenye busara hawamcheki mtu huyo, wala hawamkubalii papo hapo. Humwuliza: uliuona upande gani? Pembe zake zilielekea wapi? Ulikaa muda gani kabla ya kutua? Nani mwingine alikuwa pamoja nawe? Huulizwa hivyo hata akiwa ni mtu mwaminifu ambaye mji mzima unamjua, kwa sababu mtu aweza kuwa mkweli kabisa, na bado kilichomdhihirikia machoni kikawa ni kipande cha wingu. Ukweli wa msemaji ni jambo moja, na usahihi wa alichokiona ni jambo jingine.

Huko Marekani aliishi mwanachuoni mmoja ambaye kazi kama hii ilimshughulisha kwa muda wa karibu miaka 40. Yeye hakupima habari za mwezi, bali habari za visahani virukavyo na za viumbe wanaosemekana kushuka ndani yake. Jina lake ni Josef Allen Hynek. Aliianza kazi hiyo akiwa mtu wa kucheka, na akaimaliza akiwa mtu wa kuuliza. Mageuzi hayo yalimgharimu heshima yake mbele ya wenzake wengi.

Hynek alizaliwa mjini Chicago tarehe 1 Mei, 1910, kwa wazazi wa asili ya nchi ya Cheki. Siku chache kabla ya kuzaliwa kwake, nyota yenye mkia iitwayo Halley, ambayo huonekana mara moja katika kila miaka kama 76, ilikuwa imelikaribia jua. Alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi aliugua homa ya vipele vyekundu, akalazimika kukaa ndani kwa majuma kadhaa. Mama yake alimsomea vitabu ili kumliwaza, na vitabu vya watoto vilipokwisha, akamsomea kitabu cha elimu ya nyota. Tangu hapo moyo wa mtoto ukanasa huko.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Chicago hadi akapata shahada ya udaktari mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliitwa kusaidia kazi ya kutengeneza kifaa cha kulipua kombora linapoikaribia shabaha bila ya kuigusa. Vita vilipokwisha alirudi kwa wanafunzi wake na darubini yake.

Tarehe 24 Juni, 1947, rubani mmoja aitwaye Kenneth Arnold alikuwa akiruka karibu na mlima Rainier, upande wa magharibi wa Marekani, akaona vitu tisa vikienda kwa kasi kubwa. Alipoulizwa, alifananisha mwendo wake na kisahani kinachorushwa juu ya maji kikawa kinadundadunda. Magazeti yakageuza mwendo ukawa umbo, na jina la visahani virukavyo likazaliwa. Baada ya siku chache tu, watu wa majimbo mengi wakawa wanaona visahani. Tazama, msomaji, jinsi habari inavyoweza kubadilika sura kabla haijafika hata mtaa wa pili.

Jeshi la Anga la Marekani lilitaka kujua kama vitu hivyo ni silaha za Warusi. Likamtafuta mwanafalaki wa karibu na kituo chake cha Dayton, naye akawa ni Hynek. Mwaka 1948 alikabidhiwa majalada ili aseme ni habari zipi zilizohusu nyota, sayari au vimondo tu. Yeye mwenyewe aliyaona mambo hayo kuwa ni upuuzi wa kupita, kama mitindo mingine iliyozuka baada ya vita.

Katika majalada hayo ya kwanza mlikuwamo habari ya Kapteni Thomas Mantell, rubani aliyefariki tarehe 7 Januari, 1948, ndege yake ilipoanguka katika jimbo la Kentucky akikifuata kitu king'aacho kilichokuwa juu sana. Hynek aliangalia hesabu zake za nyota, akaona kwamba sayari ya Zuhura ilikuwa upande ule ule, akatoa shauri kwamba huenda ndiyo iliyomhadaa marehemu. Lakini Zuhura mchana ni nukta ndogo mno, si kitu cha kumvuta rubani hadi kifoni. Baadaye ilionekana kuwa yumkini kilikuwa ni puto kubwa la uchunguzi lililorushwa kwa siri na jeshi la wanamaji. Basi hata mtaalamu anaweza kukurupukia jibu rahisi kwa kuwa ndilo lililo karibu na elimu yake.

Mwaka 1952 Hynek alifanya jambo moja la busara. Aliwaendea wanafalaki wenzake zaidi ya 40 akawauliza taratibu, mmoja mmoja, kama wamewahi kuona kitu angani wasichoweza kukieleza. Watano walikiri kwamba wameona. Hawa si wavivu wa vijiweni, bali ni watu ambao kazi yao ni kutazama mbingu. Hata hivyo walikuwa wamenyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Hapo Hynek akaanza kuelewa kwamba kicheko hakiondoi uongo peke yake, bali huwafunga midomo hata wakweli.

Elimu yake haikusimama. Mwaka 1956 alijiunga na kituo cha falaki cha Smithsonian, na Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba, 1957, alikuwa miongoni mwa waliosimamia kamera za kufuatia mwendo wa satelaiti katika nchi mbalimbali. Mwaka 1960 akawa mkuu wa idara ya falaki katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Muda huo wote jeshi liliendelea kumletea majalada.

Mwezi wa Aprili, 1964, askari polisi mmoja wa mji wa Socorro, jimbo la New Mexico, alisema kwamba alipokuwa akifukuza gari alisikia mngurumo, akaona chombo cheupe chenye umbo la yai kimesimama chini kwa miguu yake, na karibu nacho viumbe wawili waliovaa mavazi meupe. Kisha chombo kikaruka kwa moto. Hynek alikwenda mwenyewe. Aliona vichaka vilivyoungua na alama ardhini, akamhoji askari yule, akamkuta ni mtu wa maneno machache asiyetaka sifa. Hakuweza kumwita mwongo. Lakini pia hakuweza kusema chombo kile kilitoka wapi, kwani shahidi alikuwa ni mmoja tu.

Siku iliyomwaibisha zaidi ilikuwa ni tarehe 25 Machi, 1966. Katika jimbo la Michigan watu wengi, pamoja na wanafunzi wa kike zaidi ya 80 wa chuo kimoja, walikuwa wameona taa za ajabu karibu na vinamasi. Waandishi walikuwa na kiu ya jibu, na jeshi nalo lilitaka jambo limalizwe. Hynek alisimama mbele yao akatoa maelezo kwamba baadhi ya taa hizo huenda zilikuwa ni gesi itokayo katika majani yaliyooza kinamasini. Huenda ile haikuandikwa sana. Gesi ndiyo iliyoandikwa. Wachoraji wa vikatuni wakamfanya kichekesho, na watu wa Michigan wakaona wametukanwa. Mbunge wao Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa Rais, akadai jambo hilo lijadiliwe bungeni.

Matokeo yake, Chuo Kikuu cha Colorado kilipewa kazi ya kuchunguza upya chini ya mwanafizikia Edward Condon. Ripoti yake ilitoka mapema mwaka 1969 ikisema kwamba elimu haitapata faida kubwa kwa kuendelea na jambo hili, ilhali ndani ya ripoti hiyo hiyo mna kesi kadhaa zisizopata maelezo. Mwezi wa Desemba jeshi likafunga ofisi yake. Katika habari 12,618 zilizokusanywa, 701 zilibaki bila ya jawabu.

Huyo mtu aliyechekwa kwa gesi angeweza kunyamaza. Badala yake mwaka 1972 alitoa kitabu akaeleza jinsi habari hizi zinavyostahili kupimwa. Aliweka mizani mbili. Ya kwanza ni ya ugeni wa jambo lenyewe: je, lina mambo mangapi yasiyoelezeka kwa nyota, ndege au puto? Ya pili ni ya uzito wa ushahidi: mashahidi ni wangapi, ni watu gani, na maneno yao yanaafikiana? Habari ya shahidi mmoja, hata akiwa mwaminifu vipi, aliipa alama chache. Na wale waliodai kukutana na wageni mara kwa mara na kupewa ujumbe wa kuwaongoza wanadamu, aliwaweka kando kabisa.

Katika kitabu hicho aligawa makutano ya karibu kwa daraja tatu: kuona chombo kwa karibu, kuona chombo kilichoacha athari, na kuona viumbe wenyewe. Daraja ya tatu ilimtia mashaka makubwa, lakini aliona si uadilifu kuitupa kwa sababu tu haimpendezi. Mwaka 1977 Steven Spielberg aliipa sinema yake jina la daraja hiyo, na Hynek mwenyewe, na ndevu zake na kiko chake, anaonekana humo kwa kitambo kidogo.

Mwaka 1973 alianzisha kituo chake cha uchunguzi. Huko ikadhihirika kwamba karibu habari tisa katika kila kumi zilikuwa na maelezo ya kawaida: nyota, ndege, vimondo, maputo. Hayo si ajabu kwetu. Mgeni wa Malindi ambaye hakujua habari za San Marco, akaona usiku kombora likiruka kutoka Ngomeni katika miaka ya 1967 hadi 1988, angeweza kuapa kwa haki kwamba ameona ajabu, naye hasemi uongo.

Hynek hakudai kamwe kwamba amethibitisha kuja kwa watu wa sayari nyingine. Mwaka huo wa 1973, wanaume wawili wa Mississippi waliokuwa wakivua samaki mtoni walisema wamechukuliwa na viumbe. Hynek aliwahoji akasema kwamba hofu yao ni ya kweli, bila ya kusema kilichowatisha ni nini. Wapinzani wake walimwona amelainika kupita kiasi. Walikuwa na hoja, kwani hofu ya kweli si dalili ya mgeni wa kweli, na hadi mwisho hakuwa na hata kipande cha chuma cha kuonyesha.

Alifariki tarehe 27 Aprili, 1986, mjini Scottsdale, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 75. Nyota ya Halley ilikuwa imerudi, nayo ilikuwa imelipita jua miezi miwili kabla. Mwaka 2023 jopo la shirika la NASA lilitoa ripoti yake, likasema halikuona ushahidi kwamba vitu hivyo vimetoka sayari nyingine, na kwamba tatizo kubwa ni uhaba wa vipimo vizuri. Likaongeza kwamba dhihaka huwazuia watu kuleta habari. Wanafalaki watano wa mwaka 1952 wangaliweza kulithibitisha hilo.

Huku kwetu, taa ikionekana usiku inatembea baharini, husemwa ni jini. Huko Marekani husemwa ni mgeni wa sayari nyingine. Kila kaumu hulijaza pengo kwa kile ilichonacho. Kuamini kwamba majini wapo ni jambo moja, na kusema kwamba taa ile ndiyo jini ni dai jingine, linalotaka ushahidi wake lenyewe. Atakayekujia kesho na habari ya ajabu, usimcheke. Mkalishe, umwulize aliona upande gani, na nani alikuwa pamoja naye. Na ikibaki moja katika kumi isiyo na jawabu, iache ikae bila ya jawabu. Wallahu aalam.